Otomatiki inavuta, ila sisi hatuipimi joto

Kwako Mhariri,

Mwezi jana pale Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Kericho, dereva mmoja wa lori aliyekuwa akinywa chai kando ya barabara aliitazama trela yangu, akaja akachungulia ndani ya pikapu, akaona gia ni otomatiki, akacheka. “Mama, hii utaizika Mau Summit.” Nikamwambia nimeshazika moja, na haikuwa Mau Summit, ilikuwa mbele kidogo ya Kapsoit, Jumapili saa tisa mchana. Hapo akaacha kucheka, akataka kujua ilikuwaje. Nimeulizwa hivyo mara nyingi mno. Vituoni nasikia watu wakiambiana kwamba otomatiki si gari la kuvuta trela. Mimi nasema inavuta. Ila tunaivutisha bila kuipima.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilikaa wodini miaka 27, na sasa nakodisha mahema, viti na jenereta hapa Nakuru. Kwa asiyeijua, biashara hii ni ya barabarani. Watu wengi wanaoishi na kufanya kazi hapa huzikwa kwao, na kwao ni Vihiga, Siaya, Kakamega, Bungoma. Huko mahema yapo, lakini Jumamosi huwa hayatoshi, na jamaa za Nakuru hupenda kwenda na yao. Kwa hiyo Ijumaa nyingi trela yangu huwa inapanda mlima.

Anayetazama ramani atasema kutoka Nakuru kwenda Kisumu ni kuteremka, maana Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Kisumu karibu mita 1,130. Barabara haina habari na hesabu hiyo. Ukitoka Salgaa unapanda Sachangwan, unapita Kibunja, unapanda tena hadi Mau Summit, ndipo unaanza kushuka kuelekea Londiani na Kericho. Kurudi ndiko kubaya zaidi. Unaanzia uwanda wa Kano jua likiwaka, Ahero, Awasi, kisha barabara inainuka na kuendelea kuinuka hadi Kericho, na nyuma yako una mzigo uleule.

Pikapu yenyewe ni ya Kijapani, ya dizeli, injini ya lita 3, otomatiki ya gia 5, na nilipoinunua ilikuwa imeshatumika. Nilitaka otomatiki kwa sababu goti langu la kushoto nililiacha wodini. Muuzaji aliniambia inavuta tani mbili na nusu bila kulalamika. Trela nilikuja kuipima baadaye kwenye mizani ya mnunuzi mmoja wa mahindi: viti 350, mahema manne na vyuma vyake, jenereta, pamoja na trela yenyewe, kilo 2,140. Kabla ya hapo nilikuwa nikiwaambia watu ni tani moja na nusu, kwa kuwa ndivyo nilivyopenda iwe.

Siku ya mkasa tulitoka Ijumaa jioni kwenda mazishi Vihiga. Karibu na Mau Summit ikawaka taa ya njano yenye herufi A/T, yaani giaboksi ya otomatiki. Tukasimama, dereva akazima injini, tukakaa kama robo saa, akawasha. Taa haikurudi. “Ni senza tu, kile kipimo, mama,” akasema. Nami, Mungu anisamehe, nikasema twende. Mgonjwa ambaye homa yake imeshuka baada ya kidonge cha maumivu sikuwahi kumruhusu aende nyumbani kabla sijajua homa ilitoka wapi. Gari nililiruhusu.

Mazishi yalikwenda vizuri. Jumapili tukarudi kupitia Kiboswa na Kisumu, tukaanza kupanda baada ya Awasi. Mbele yetu palikuwa na lori la mchanga, mwendo wa kilomita 15, labda 20 kwa saa, na hapakuwa na nafasi ya kulipita ukiwa na trela. Tukalifuata muda mrefu. Nataka wasomaji wenye magari kama langu wasikie hapa: sindano ya joto la injini haikutikisika. Ilikaa katikati kama mtu aliyesinzia kanisani. Nilikuwa nikiitazama na moyo wangu ukiwa umetulia. Tulipopita Kapsoit, injini ikanguruma na gari likabaki palepale, kama mtu anayekimbia ndani ya matope. Kisha ikaja harufu, ya ukoko wa ugali ulioungua sufuriani.

Brekidauni, lile gari la kukokota, hadi Nakuru ilikuwa Sh25,000. Giaboksi ya mtumba pamoja na kazi, Sh148,000. Viti vilirudi kwa lori la kukodi, na hilo silitaji bei kwa sababu bado linaniuma.

Fundi aliponifungulia sampu ya giaboksi, bakuli la mafuta lililo chini yake, niliona mwenyewe. Mafuta yanayopaswa kuwa mekundu yalikuwa rangi ya turungi, na chini kumekaa tope jeusi, unga wa pleti za klachi zilizoungua. Nilimwomba anieleze kama anavyomweleza mtu asiyejua, naye akanieleza kwa uji. Ndani ya otomatiki, kati ya injini na gia, kuna chombo kinachoitwa konveta, kimejaa mafuta. Injini inakoroga mafuta upande mmoja, na mafuta yanayozunguka yanausukuma upande wa pili. Mzigo ukiwa mwepesi, pande mbili zinakaribia kwenda sawa. Mzigo ukiwa mzito na mwendo ukiwa mdogo, upande wa pili unabaki nyuma, injini inaendelea kukoroga, na nguvu yote ile isiyofika kwenye magurudumu inakuwa joto ndani ya mafuta. Gari likishika mwendo mzuri, kuna klachi humo ndani inayofunga pande zote mbili zizunguke kama kitu kimoja, na joto linapungua. Nyuma ya lori la mchanga ile klachi haifungi. Kwa hiyo ule mwendo wa pole niliodhani unaliokoa gari ndio uliolichoma.

Maji ya injini yana redieta kubwa na feni. Mafuta ya giaboksi yanaweza kuungua huku maji yakiwa salama kabisa, na ndiyo maana sindano ile haikuniambia kitu.

Namba ninazozitumia sasa, kwa nyuzi za Selsiasi, ni hizi. Kati ya 80 na 95 giaboksi iko nyumbani. Ikipita 105 naanza kuitazama kila dakika. Kwenye 120 mafuta yanazeeka haraka, na yakiendelea kupanda kutoka hapo yanaacha utando wa gundi ndani ya vipitishio, sili zinakakamaa, pleti zinaanza kuteleza, na kuteleza kunaongeza joto jingine. Mafundi wana kanuni yao ya jumla: kila nyuzi 10 zinazozidi kiwango cha kawaida hukata maisha ya mafuta kwa nusu. Ile taa ya njano imewekwa kwa ajili ya hatari. Ikiwaka, kuonywa kumeshapita.

Basi nikaenda kutafuta kipimajoto, na hapo nikakutana na soko letu. Kijana mmoja aliniuzia kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kinachosoma kompyuta ya gari na kutuma namba kwenye simu. Akanionyesha: “Joto la giaboksi hili hapa, mama, 88.” Nikamwambia asubiri kesho. Alfajiri, gari likiwa baridi, niliwasha injini na kuliacha limesimama. Namba ikapanda mbio hadi karibu 85 na gari halijasogea hata hatua moja. Hayo ni maji ya injini. Mafuta ya giaboksi hupanda polepole, na hupanda hasa gari linapofanya kazi. Kijana hakuwa mwongo, naye alikuwa ameambiwa hivyo. Kila mtengenezaji huficha namba ya giaboksi mahali pake ndani ya kompyuta, na programu ya bure kwenye simu mara nyingi haijui pa kuitafuta. Baadaye aliipata programu inayoijua gari langu, na hiyo alfajiri ya pili ilikwenda kama inavyotakiwa.

Hili linanikera kuliko gharama zote nilizolipa. Namba ipo. Kompyuta ya gari inaijua kila sekunde, na anayenyimwa kuiona ni mwenye gari.

Hata hivyo simu hupigiwa, huisha chaji, huanguka chini ya kiti. Niliamua kuweka geji halisi kwenye dashibodi. Fundi alitoboa sampu, akachomelea nati, akafunga senza ndani ya mafuta yenyewe. Geji na kazi, Sh9,500. Rafiki yangu wa Kisumu anayevuta mashua za kitalii kutoka Dunga alifungiwa senza kwenye bomba linalotoa mafuta moto kutoka kwenye giaboksi kwenda kupozwa. Siku moja alinipigia simu akiwa kati ya Mamboleo na Kiboswa, sauti imemtoka, geji inasoma 125. Nilimuuliza senza iko wapi kabla ya kumuuliza kitu kingine. Mafuta yakitoka tu kwenye konveta huwa moto kuliko yale yaliyotulia kwenye sampu, na mlimani tofauti inaweza kuwa nyuzi 20 au zaidi. Wauguzi watanielewa: joto la kwapani si joto la mdomoni, na ukiandika namba kwenye kadi bila kuandika ulipopimia, wa zamu ijayo atamtibu mtu vibaya. Anayefungiwa geji amuulize fundi ameweka senza wapi, na asilinganishe namba yake na ya jirani.

Kisha nikaanza daftari, kwa mazoea ya kazi. Dereva anasoma, mimi naandika. Safari ya kwanza yenye geji, mzigo kamili, senza kwenye sampu: Nakuru kutoka mjini 81, Salgaa 90, katikati ya Sachangwan 103, Mau Summit 110. Tukirudi, Awasi 92, na kabla ya Kapsoit nyuma ya lori, 118. Ile ya 118 niliiandika mkono ukitetemeka, maana nilikuwa naona kwa macho kilichotokea siku ile nilipokuwa sioni chochote.

Dereva wangu alikuwa akiiacha gia kwenye D, gari lijichagulie gia lenyewe, na kukanyaga. Sasa mlima ukianza, anaivuta gia upande wa kuchagua kwa mkono na kuishika ya tatu. Injini inapiga kelele zaidi, mizunguko kama 2,500 kwa dakika, na mwanzoni alilalamika kwamba tunaumiza mashine. Nikamwonyesha geji. Kwenye mlima uleule wa Sachangwan namba ilishuka nyuzi sita bila kubadilisha kitu kingine, kwa sababu gia haihangaiki tena kupanda na kushuka, klachi ya konveta inapata nafasi ya kufunga, na feni na pampu ya maji vinazunguka kwa kasi. Siku hizi yeye ndiye anayewafundisha wenzake, kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Tumefunga pia redieta ndogo ya hewa kwa ajili ya mafuta ya giaboksi, mbele ya ile kubwa. Gari lilikuja na njia moja tu ya kupoza mafuta hayo, bomba linalopita ndani ya redieta ya injini, na maji ya injini yakiwa karibu nyuzi 90 hayawezi kuyapoza sana. Fundi mmoja alitaka kuiondoa njia hiyo na kuacha ile mpya peke yake. Nilimkatalia. Asubuhi ya Molo au Timboroa mafuta yanahitaji kupashwa moto kabla ya kupozwa, na mafuta mazito ya baridi nayo hayaifai giaboksi. Kwa hiyo mafuta yanapita kwanza kwenye redieta ya injini, kisha kwenye ile ndogo, ndipo yanarudi. Sh14,000 pamoja na mabomba. Safari iliyofuata, Kapsoit ilisoma 101 badala ya 118. Lori la mbele yetu safari hiyo lilikuwa la viazi, na polepole vilevile.

Kuhusu mafuta yenyewe, nasema kwa ufupi: si kila mafuta mekundu ni mafuta ya gari lako. Kitabu cha gari kinataja aina, na fundi anayesema “zote ni ATF”, yaani mafuta ya otomatiki, mwache azitie kwenye gari lake. Na kama mafuta yamekuwa ya waridi na mazito, yanafanana na mala ya stroberi, usiende popote. Redieta imepasuka ndani, na maji yameingia kwenye giaboksi.

Tukisimama ili kupoza, hatuzimi injini tena kama usiku ule. Tunaweka N, yaani gia huru, handibreki, na utingo anaweka mawe nyuma ya magurudumu ya gari na ya trela, ndipo dereva anaachia breki ya mguu. Injini inaendelea kuunguruma ili pampu izungushe mafuta kwenye redieta. Kutoka 112 tunafika 95 kwa dakika saba au nane. Ukiacha D huku umekanyaga breki, konveta inaendelea kukoroga na unapoteza muda wako.

N hiyo ni ya kusimama tu. Kuna watu wakisoma hapa watafurahi na kuteremka firii kutoka Mau Summit wakidai wanapoza giaboksi. Nilikuwa zamu majeruhi wa moto wa Sachangwan walipoletwa, Januari 31, 2009. Ule ulikuwa moto wa petroli iliyomwagika kutoka tangi lililopinduka na sitausimulia, lakini barabara ile tangu hapo siipiti kwa mzaha. Na pale njiapanda ya Londiani, Juni 30, 2023, lori lililokosa kudhibitiwa liliua zaidi ya watu 50. Ukiteremka na trela, shika gia ya chini uache injini izuie mwendo, ili breki zibaki na nguvu utakapozihitaji. Giaboksi wakati wa kuteremka haiko katika hatari kubwa. Breki ndizo zinazopata homa, na kwa hizo sina geji.

Wanaouza magari yaliyotumika naomba kitu kimoja. Mteja akikuuliza kama gari linavuta, usimtajie tani peke yake. Mwambie kama lina redieta ya giaboksi au halina, na mfungulie boneti muitazame pamoja. Trela yangu ikikaguliwa huangaliwa taa, magurudumu na breki, na ni haki. Sijawahi kuulizwa na yeyote kama gari linaloivuta lina njia ya kupoza mafuta yake. Nanyi wa gazetini, mkiandika kuhusu magari, punguzeni kidogo habari za modeli mpya ambazo wengi wetu tutazipata zikiwa na miaka saba, mtuandikie jinsi ya kuyatunza haya tuliyo nayo.

Daftari langu lina pengo. Sijawahi kupanda kutoka Chemelil kwenda Nandi Hills nikiwa na trela, na nina mteja wa Kapsabet mwezi Novemba, mahema manne na viti vyote. Msomaji anayeupanda mlima ule na otomatiki ya dizeli, hasa wale wanaovuta matangi ya maziwa, anitumie namba zake kupitia ukurasa huu: uzito wa trela, gia aliyoshika, joto alilofika juu, na senza yake iko wapi.

Mama Mahema,
Section 58, Nakuru